Mwacheni Asishindane

Katika kumbi zetu za karate na judo kuna swali ambalo limegeuzwa kipimo cha mtu: ana medali ngapi? Anaulizwa hivyo hata mwalimu aliyetoka jasho kwa miaka ishirini, ambaye mkanda wake mweusi umechakaa hadi nyuzi nyeupe zinachungulia. Akijibu kwamba hana hata moja, kwa sababu hajawahi kuingia mashindanoni wala hana mpango huo, watu hutazamana. Mzazi huanza kuulizia klabu nyingine. Viongozi wa chama hulisahau jina lake semina inapokuja. Pembeni hunong'onwa kuwa ni mwoga.

Huo ni uonevu, tena uliojengwa juu ya kutojua historia. Anayejua kupigana na akakataa kushindana hajaiasi sanaa yake. Mara nyingi ndiye aliyebaki kuishika.

Gichin Funakoshi, mwalimu wa Okinawa aliyeitambulisha karate mjini Tokyo mwaka 1922, hakuandaa shindano hata moja maishani mwake. Mwishoni mwa miaka ya 1920, wanafunzi wake wa Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo walipoanza kupigana wakiwa wamevaa kinga za mwili, aliwaachia klabu yao akaondoka. Alifariki Aprili 1957 akiwa na miaka 88. Mwaka huohuo Chama cha Karate cha Japani, kilichoanzishwa na wanafunzi wake mwenyewe, kikafanya michuano yake ya kwanza ya taifa. Mwaka haukupita! Leo picha ya mzee yuleyule imetundikwa ukutani katika kumbi nyingi duniani za Shotokan, mtindo wake wa karate, wanafunzi wanaiinamia kabla ya mazoezi, kisha wanatoka hapo kwenda kumcheka anayefuata msimamo wake.

Mzee huyo aliandika kitabu cha maisha yake, na humo kuna kisa ambacho kila anayeuliza habari za medali angepaswa kukijua. Baada ya vita, akiwa anakaribia miaka 80, alivamiwa njiani usiku. Mvamizi aliporusha pigo la kichwa, mzee aliinama chini ya pigo lile, akamkamata korodani. Jamaa hakuweza kufurukuta tena. Mtu mwingine angejisifu kwa kisa hicho hadi kaburini. Funakoshi anasema hakuona cha kujivunia, kwa maana alikuwa amefanya jambo alilowakataza vijana wake siku zote: kugeuka mshambuliaji. Alishinda, naye akajiona amepungukiwa. Kipimo chake cha ushindi kilikuwa ndani ya nafsi yake, na hakuna jukwaa lenye ngazi tatu linaloweza kukibeba.

Tena angalieni alichotumia. Ukimshika mtu hapo mashindanoni unatolewa nje, na ni haki utolewe. Mashindano hayawezi kuwepo bila kanuni za kumlinda mchezaji, na sina ugomvi na kanuni. Ugomvi wangu ni na wanaojifanya kanuni hizo haziugusi mwili wa anayezifanyia mazoezi. Mwili hujifunza kile unachokirudia. Katika kumite, yaani mapambano, ya Shirikisho la Karate Duniani, ngumi ni pointi moja, teke la mwili pointi mbili, teke la kichwa pointi tatu, na pambano ni la dakika tatu. Basi kijana anakaa miaka akijifunza kurukaruka kwa mbali, kuingia kwa kasi, kugusa, kuchomoka, kisha kugeuka na kupiga kelele huku mkono uko juu ili refa aone. Anafundishwa kumpa mgongo mtu ambaye hajamwangusha! Hayo mazoea hayabaki ukumbini. Siku atakayokabwa kwenye kituo cha daladala, mwili utatoa kilichomo.

Wa judo nao wasinicheke. Jigoro Kano, mwanzilishi wa judo aliyefungua shule yake ya Kodokan mwaka 1882, alikuwa mtu mdogo wa umbo, na inasimuliwa kwamba alipokuwa mwanafunzi alitafuta vitabuni namna ya kumwangusha mwenzake mkubwa hadi akapata mtupo wa mabegani uitwao kata guruma, ambapo unaingia chini, unaushika mguu, unamnyanyua mtu mzima. Kuanzia 2010 kanuni za kimataifa zilianza kubana ukamataji wa miguu, na kufikia 2013 ukapigwa marufuku kabisa katika judo ya kusimama. Mwanzilishi mwenyewe akifufuka leo akaingia kwenye mkeka na mtupo wake kama alivyouchonga, ataadhibiwa. Mwalimu anayetaka kuirithi judo yote, mitupo ya kukamata miguu ikiwemo, ana sababu gani ya kuwaingiza vijana wake mahali panapowafundisha kuisahau?

Kisha kuna Agosti 7, 2021, katika ukumbi wa Nippon Budokan, fainali ya wanaume wa uzito wa juu kwenye Olimpiki ya Tokyo. Tareg Hamedi wa Saudi Arabia alikuwa anaongoza kwa pointi 4 kwa 1 dhidi ya Sajad Ganjzadeh wa Irani. Akapiga teke la juu, likamkuta Ganjzadeh kichwani. Ganjzadeh akaanguka, hakuinuka, akatolewa kwa machela. Waamuzi wakateta, kisha wakamtoa Hamedi kwa kosa la kupiga bila kujidhibiti. Dhahabu ikaenda kwa mtu aliyekuwa amepoteza fahamu, na aliposhtuka ndipo akaambiwa kuwa yeye ni bingwa. Simlaumu refa, kanuni ilifuatwa. Siwalaumu wapiganaji, wote wawili walikuwa mashujaa. Ninachosema ni kwamba mtu aliyeitazama fainali ile, akaamua kuwa hiki sicho alichokifuata alipofunga mkanda wa kwanza, ana akili timamu kabisa. Na malipo yenyewe yalikuwa nini? Baada ya miongo ya kuikatakata sanaa ili itoshe kwenye televisheni, karate ilipewa Olimpiki hiyo moja. Paris 2024 haikuwemo.

Sasa najua mnachotaka kunijibu. Mtasema wapo walaghai wanaojificha nyuma ya maneno hayahaya, wanaodai mbinu zao ni za kuua kiasi kwamba haziwezi kuonyeshwa ulingoni. Wapo. Nimewaona, wanauza vyeti, wanapasua mbao zilizokaushwa kwenye tanuri, wanafunzi wao hawajawahi kupigwa ngumi hata moja iliyokusudiwa kufika. Watu hao wanaitia sanaa aibu kuliko shindano lolote, na sitawatetea hata kwa sentensi moja.

Lakini tiba ya ulaghai ni kupimwa, na mtu anaweza kupimwa bila kushindana. Kano alilielewa hilo mapema: mbinu za kuvunja na kuumiza alizibakiza kwenye kata, yaani miondoko iliyopangwa, na kwa mazoezi huru akaacha zile ambazo watu wawili wanaweza kurushiana kwa nguvu zote, jioni baada ya jioni, na kesho yake wakaamka wazima. Hiyo ndiyo randori. Hakuna watazamaji, hakuna kombe. Unatupwa mara kumi na mwenzako, unainuka, unamuuliza ulikosea wapi, naye anakuonyesha kwa sababu hana cha kupoteza ukijua. Mashindanoni hakuna anayekufichulia siri yake, maana wiki ijayo mtakutana robo fainali. Mwalimu asiye na medali ambaye kila Jumanne na Alhamisi anasimama mbele ya wanafunzi wake wazito, wadogo wake kwa miaka ishirini, na kuwaruhusu wamshambulie wapendavyo, huyo anapimwa zaidi ya bingwa anayepanda mkekani mara mbili kwa mwaka. Anayemwita mwoga avae gi, vazi la mazoezi, aende kwake siku ya Jumanne.

Na afya ya watu mnaisahau upesi mno. Mwaka 1928 daktari Harrison Martland wa Marekani alieleza jinsi mabondia wanavyoharibika ubongo kwa vipigo vya kichwa vya mfululizo, miaka mingi kabla ya taa za ulingo wa leo. Desemba 2015 Yang Jian Bing, kijana wa Kichina wa miaka 21, alifariki Manila alipokuwa akijikausha maji ili atimize uzito wa pambano. Hakupigwa na mpinzani. Aliuawa na mizani. Fundi anayeishi kwa mikono yake, dereva, muuguzi wa zamu ya usiku, wana haki ya kusema kwamba ubongo, magoti na figo zao hawaziweki rehani kwa ajili ya bendera ya mkoa.

Huyo muuguzi nataka nimseme zaidi, kwa sababu kwenye mijadala yetu hatajwi. Anatoka zamu usiku wa manane, anapita kichochoro, na amekuja ukumbini kwetu kwa sababu hiyo tu. Atakayemkaba hatakuwa wa uzito wake. Hatasimama mbele yake akainama kwa heshima. Hakutakuwa na sauti ya "yame" ya kusimamisha shari. Anahitaji kujifunza kupaza sauti, kujinasua shingo, kupiga goti na kukimbia, na kukimbia kwake ndiko ushindi wote. Klabu inayomwambia kwamba hatapanda mkanda mpaka ashiriki michuano inamfukuza mtu aliyeihitaji kuliko bingwa yeyote.

Kwa hiyo nawaambia viongozi wa vyama waziwazi. Wanaotaka kushindana wasafirishwe, walipiwe, washangiliwe, ni vijana wetu na wanastahili. Lakini futeni sharti la kushindana kwenye mitihani ya mikanda. Acheni kugawa semina, kumbi na leseni za ualimu kwa kuhesabu makombe. Mkitaka kujua kama mwalimu anajua, nendeni darasani kwake bila taarifa, mvue viatu, mkae pembeni muone wanafunzi wake wanavyoanguka, wanavyopiga, na wanavyomtendea aliye dhaifu kuliko wao.