Majestic ikifufuliwa, vitini atakaa nani?

Apitaye Vuga, katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, hawezi kulikosa jumba la sinema la Majestic. Limechakaa, nalo limekwishapoteza haiba iliyowavuta watu wa rika zote. Kumekuwa na juhudi za wapenzi wa majengo ya kale za kutaka lirejeshewe hadhi yake, jambo ambalo hapana shaka ni jema. Hata hivyo, mazungumzo ya ukarabati huelekea sana kwenye kuta, paa na fedha. Watazamaji hutajwa mwishoni, tena kwa haraka.

Ikumbukwe kuwa jumba hili limepata kufa na kufufuka. Mahali hapo palijengwa mwaka 1921 sinema iliyoitwa Royal, kwa michoro ya J. H. Sinclair, ambaye mkono wake unaonekana katika majengo kadhaa ya Unguja. Iliteketea kwa moto mwanzoni mwa miaka ya 1950, na Majestic tunayoijua ikafunguliwa mwaka 1955 kwa mtindo mpya kabisa. Hakuna aliyehitaji kushawishiwa kwamba ijengwe tena. Wateja walikuwapo, nao walikuwa wakingoja.

Wateja hao ndio kiini cha hoja yetu. Jumapili ilikuwa siku ya familia nzima kuvaa vizuri na kwenda sinema. Filamu za Kihindi, kama Awara ya Raj Kapoor, zilijaza kumbi kiasi kwamba tiketi zililanguliwa nje ya mlango. Yalikuwapo pia maonesho ya wanawake peke yao, na kwa wengi wa kina mama hao ilikuwa ni miongoni mwa nafasi chache za kutoka nyumbani na kukaa hadharani bila ya lawama. Tajiri na mchukuzi walitofautiana kwa kiti tu; picha ilikuwa moja.

Kilichoua sinema basi ni nini? Jibu jepesi ni televisheni na video, nalo si kweli yote. Televisheni ilianza Zanzibar mwaka 1973, lakini Tanzania Bara iliisubiri hadi mwaka 1994, na kumbi za Bara zilikuwa zimeanza kudhoofika mapema zaidi. Serikali iliunda Kampuni ya Filamu Tanzania mwaka 1968, na uingizaji wa filamu ukaondoka taratibu mikononi mwa wafanyabiashara waliojua ladha ya wateja wao. Mwaka 1971 majengo mengi ya kupangisha yalitaifishwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Kisha fedha za kigeni zikaadimika. Kanda za video zilipoenea katika miaka ya 1980, zilikuta mgonjwa aliyekwisha kulala kitandani.

Majumba mengi yaligeuzwa maduka, maghala au makanisa. Dar es Salaam, ile sinema ya Msasani iliyofunguliwa mwaka 1966, ambako watu walitazama picha wakiwa ndani ya magari yao, haipo tena. Kwenye uwanja wake sasa upo Ubalozi wa Marekani. Uwanja mwingine mkubwa kama ule kwa ajili ya starehe ya umma, katikati ya bei za leo za ardhi, ni vigumu kuupata.

Wapo waliookoa. Jijini Nairobi, sinema ya zamani ya Shan, mtaa wa Ngara, ilichukuliwa na taasisi ya Sarakasi na kugeuzwa ukumbi wa mazoezi na maonesho ya sanaa. Si sinema tena kwa maana ya zamani, lakini watu bado wanaingia na kutoka, na jengo linalotumika huwa na wa kuliangalia.

Zanzibar inalo tamasha la filamu lililoanza mwaka 1998, ambalo kwa miaka mingi maonesho yake makuu yamefanyika Ngome Kongwe, chini ya anga wazi. Mvua ikinyesha, kila mtu anajua nini kinafuata. Kwa hiyo haja ya ukumbi ipo. Haja ya kuharakisha nayo ipo: Beit al-Ajaib iliporomoka sehemu yake Desemba 25, 2020, ikiwa katika matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Mawe ya Mji Mkongwe hayangoji vikao.

Lakini tamasha ni la siku chache, na watalii wana msimu. Ukumbi unaoendeshwa kwa kuwategemea hao utafungwa miezi mingi ya mwaka, na paa lililokarabatiwa kwa mamilioni litaanza kuvuja bila ya mtu kujua. Mpango ukitaja idadi ya viti bila kutaja bei ya kiti, wala siku ya kina mama, wala filamu za vijana wa hapa wanaorekodi kwa kamera ndogo, mkazi wa Ng'ambo ataendelea kutazama sinema yake kwenye simu, na Vuga atapita kama apitavyo sasa.