Betri Ikiisha, Lita Moja Yafika Wapi?

Siku hizi gari la haibridi la kuchaji linasifiwa kama bibi harusi. Ati halinywi petroli! Mimi nasema sifa hizo ni nusu ya habari.

Gari hili lina injini ya petroli, mota ya umeme na betri kubwa inayochajiwa kwa stima kama simu. Likichajiwa usiku, asubuhi laenda kwa stima. Lakini stima hiyo haifiki mbali. Kwa vipimo vya serikali ya Marekani, Toyota Prius Prime ya 2017 huenda kama kilomita 40, na Mitsubishi Outlander PHEV ya 2018 kama kilomita 35. Baada ya hapo injini ndiyo hufanya kazi.

Sasa sikilizeni. Betri ikiisha, Prius hiyo huenda takriban kilomita 23 kwa lita moja. Outlander nayo ni kilomita 10 na nusu tu, ilhali ndugu yake wa petroli tupu, wa injini ya lita 2.4, huenda kama kilomita 11! Mbona hivyo? Prius ni nyepesi na umbo lake hukata upepo. Outlander ni ndefu kwenda juu, na ina uzito wa karibu kilo 1,900. Kweli, breki zikikanyagwa betri hurudishiwa nguvu kidogo. Lakini betri iliyoisha haishushwi njiani. Hubebwa kama gunia la mahindi mpaka nyumbani.

Mwaka 2024 Tume ya Ulaya ilitangaza kwamba magari ya aina hii, yakiwa barabarani, yalitoa hewa ya kaboni mara 3.5 ya ile iliyopimwa maabarani. Sababu kubwa ni kwamba wenyewe hawakuyachaji kama ilivyodhaniwa.

Na sisi Wakenya je? Mpangaji wa ghorofa ya nne atateremsha waya dirishani? Na stima ikipotea? Mzee atachukua mkopo wa sacco akidhani ameagana na kituo cha petroli, kumbe karo ya watoto ndiyo itakayoingia tangini.

Wengine watanijibu kwamba mwenye nyumba yake, na kazi iliyo karibu, atafaidika. Simpingi huyo. Kilomita 35 kwenda na kurudi zamtosha, mradi achaji kila siku.

Maoni yangu ni kwamba kila muuzaji alazimishwe kuandika kiooni nambari mbili: kilomita za stima, na kilomita kwa lita betri ikiisha. Marekani, kibandiko cha gari jipya huonyesha zote mbili. Kwa nini sisi tuuziwe mbuzi kwenye gunia?

Basi wenzangu, mzazi akilitamani gari hili, mwambieni aulize kwanza betri ikiisha lita moja yafika wapi. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu