Gari la juu lisije likakushusha

Ukipita Barabara ya Ngong Jumapili alasiri, baada ya watu kutoka kanisani, utaona familia nzima nzima zimesimama katika yadi za magari. Baba amefunga mikono nyuma, anazunguka gari kama mnunuzi wa fahali mnadani. Mama amefungua mlango wa nyuma, anapima kama kiti kitawatosha watoto watatu na nyanya yao. Watoto nao wamekwisha kuchagua: wanataka lile jekundu. Na aghalabu gari linalozungukwa ni lile lililoinuka kidogo, si kubwa kama Land Cruiser wala si dogo kama Vitz. Lile ambalo madalali huliita SUV ndogo.

Mpenzi msomaji, mimi siwalaumu watu hao. Jiji letu lina matuta yasiyo na alama, mashimo yasiyo na mwisho, na mvua ikinyesha saa mbili tu barabara hugeuka mto. Gari la chini hupigwa tumbo kila siku. Lakini hamu ya gari la juu imewashusha wengi, na leo ningependa tulizungumze jambo hili kabla hujatoa hata shilingi moja.

Jirani mmoja mtaani kwetu alichukua mkopo katika chama cha akiba na mikopo cha kazini kwake, akaongeza pesa ambazo mkewe alikuwa ameziweka kwa ajili ya karo ya kifungua mimba wao aliyekuwa akingoja kuingia chuo kikuu. Akanunua gari la juu, rangi ya fedha, kutoka kwa mtu aliyedai kwamba anahamia ng'ambo na hana wakati wa kungoja. Bei ilikuwa nzuri kupita kiasi. Alilipa taslimu, akapewa funguo na karatasi zilizotiwa sahihi, akaambiwa mengine yatamalizwa baadaye. Mwezi wa nne, alfajiri, watu wawili walifika langoni na lori la kukokota magari. Kumbe gari lile lilikuwa dhamana ya mkopo ambao muuzaji aliacha kuulipa. Watoto, wakiwa katika sare za shule, walisimama kwenye ngazi wakitazama gari lao likiondoka. Muuzaji hakupatikana tena kwa simu. Jirani yangu angali anakatwa mkopo huo katika mshahara wake kila mwisho wa mwezi. Hakika aliuziwa mbuzi ndani ya gunia.

Basi tuanze mwanzo. Swali la kwanza si "gari gani?" bali ni "barabara gani?" Ikiwa unakaa Utawala au Kitengela, kwenye ule udongo mweusi unaonata kama uji wakati wa masika, gari linalosukumwa na magurudumu yote manne litakufaa. Lakini ikiwa njia yako ni lami kutoka nyumbani hadi kazini, isipokuwa mita mia mbili za mwisho zenye mashimo, unachohitaji ni kuinuka kwa gari wala si magurudumu manne. Mtambo wa magurudumu manne huongeza uzito, hunywa mafuta zaidi, na una vipuri vingi vya kuharibika. Isitoshe, hutaka tairi zote nne ziwe za kipimo kimoja na zilizolika sawasawa, kwa hivyo moja ikipasuka huenda ukalazimika kununua zaidi ya moja. Magari mengi ya aina hii huundwa kwa namna zote mbili, na kwa nje hayatofautiani. Usitegemee neno la dalali. Inama utazame chini. Ukiona chuma kirefu kinachotoka kwenye gia kwenda nyuma, aghalabu hilo ni la magurudumu manne.

Swali la pili ni injini. Fanya hesabu hii na mwenzako usiku watoto wakilala. Tuseme unakwenda kilomita 40 kwa siku, siku 25 kwa mwezi. Hizo ni kilomita 1,000. Gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita litakunywa lita 83 hivi. Linalokwenda kilomita 8 kwa lita litakunywa lita 125. Tofauti ni lita 42. Ukihesabu lita moja kwa Sh180, hizo ni zaidi ya Sh7,500 kila mwezi, au zaidi ya Sh90,000 kwa mwaka. Na kumbuka kwamba katika foleni ya Jogoo Road saa kumi na mbili asubuhi, gari hunywa mafuta hata likiwa limesimama. Injini ya 2000 au 2500 ni tamu ukienda Nakuru, lakini mjini aghalabu inanguruma bure.

Wapo wanaokimbilia dizeli kwa kuwa huenda mbali kwa lita moja. Jihadhari. Dizeli za kisasa zina kichujio cha masizi kwenye ekzosi, na kichujio hicho hujisafisha gari likienda mwendo mrefu wa kasi. Gari ambalo kazi yake ni kutambaa kutoka Umoja hadi mjini na kurudi halipati nafasi hiyo, na kichujio kikiziba gharama yake itakutoa jasho. Kwa mtu wa mjini tu, petroli ni salama zaidi.

Kuhusu aina, huna haja ya kutafuta gari la ajabu. Toyota RAV4 ilitoka 1994, Subaru Forester 1997, Nissan X-Trail mwaka wa 2000 na Mazda CX-5 mwaka wa 2012, na kila moja imebadilishwa sura mara kadhaa tangu hapo. Zipo pia ndogo zaidi kama Toyota Rush, Nissan Juke na Honda Vezel. Kanuni yangu ni moja: kabla ya kulipenda gari, nenda Kirinyaga Road ukaulizie bei ya vitu vitano vya gari hilo, yaani taa ya mbele, kioo cha pembeni, breki za mbele, shoki na mafuta ya gia. Muuza vipuri akianza kukuna kichwa, nawe anza kuondoka.

Je, ununue lililotoka Japani moja kwa moja au lililokwisha kutumika hapa? Wajapani huuza magari yao mapema kwa sababu ukaguzi wa lazima huko, unaofanywa gari likitimiza miaka mitatu na kisha kila miaka miwili, una gharama kubwa. Ndiyo maana tunapata magari mazuri. Lakini Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililopita miaka minane, na mwaka wa 2023 ushuru wa forodha ulipandishwa kutoka asilimia 25 hadi 35, bila kutaja ushuru wa bidhaa na VAT ya asilimia 16 juu yake. Mzigo huo ndio uliowasukuma wengi kwenye magari yaliyotumika hapa nchini. Si vibaya, mradi ujue kwamba herufi za nambari ya usajili hukuambia gari lilisajiliwa lini Kenya, hazikuambii liliundwa lini. Gari lililosajiliwa hapa mwaka wa 2020 huenda liliundwa 2013. Mwaka wa kuundwa umo katika kitabu cha umiliki. Usome wewe mwenyewe.

Sasa umelipata. Nenda ukalione asubuhi na mapema, na mwambie mwenyewe asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ina joto, jiulize ni kwa nini ameliwasha mapema. Injini baridi haina siri. Likiwashwa, mtu asimame nyuma atazame moshi. Moshi wa buluu maana yake ni kwamba linachoma oili. Moshi mweupe usioisha hata injini ikipata joto ni dalili kwamba maji yanaingia kwenye injini. Mweusi ni petroli inayopotea bure. Kabla halijawashwa, fungua kifuniko cha oili. Ukiona utando mweupe kama maziwa chini yake, shuku maji. Taa za tahadhari kwenye dashibodi ziwake zote ufunguo ukigeuzwa, kisha zizime injini ikiwaka. Taa ambayo haikuwaka kabisa ni ya kutiliwa shaka kama ile iliyokataa kuzima, maana wapo wanaong'oa balbu.

Usiamini kilomita zilizoandikwa kwenye mita. Linganisha na mambo mengine. Gari linalodai kilomita 60,000 haliwezi kuwa na pedali zilizolika mpira, usukani unaong'aa na kiti cha dereva kilichobonyea. Cheti cha ukaguzi uliofanywa kabla ya gari kuondoka Japani huonyesha kilomita za wakati ule. Omba ukione. Kwenye ubavu wa tairi kuna tarakimu nne za mwisho. 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka wa 2019. Tairi iliyolika upande mmoja hutoa habari za gari lililopinda au kugongwa.

Jingine ni mafuriko. Mvua za Aprili na Mei 2024 zilizamisha magari mengi jijini Nairobi, na gari lililozama likioshwa vizuri hung'aa kama jipya. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho uone kama una alama ya tope. Inua zulia, unuse. Tazama kama skrubu za chini ya viti zina kutu, na kama ndani ya taa kuna ukungu.

Kisha liendeshe, si kuzunguka yadi bali nusu saa nzima, kwa sababu gia nyingi huficha ugonjwa zikiwa baridi. Magari mengi ya aina hii yana gia za CVT, ambazo hutumia mkanda wa chuma badala ya meno ya kawaida na hutaka mafuta yake maalumu. Mwenyewe akikwambia kwamba hajawahi kuyabadilisha au kwamba alitia mafuta yoyote tu, hesabu gia mpya katika bei. Likitetemeka linapoondoka, likilia kama nyuki, au likikawia kati ya D na R, achana nalo. Panda nalo mlima. Pita matuta polepole huku redio imezimwa usikilize kugonga. Kata kona kali mpaka mwisho, kulia na kushoto. Mlio wa ka-ka-ka ni viungo vya magurudumu vinavyolia kilio cha kuaga.

Na kwa kuwa nimetaja redio: gari la kutoka Japani likishindwa kushika stesheni zilizopita 90, halijaharibika. Redio za huko huishia mahali tofauti na zetu, na fundi hulirekebisha jambo hilo kwa pesa kidogo. Hiyo tu ndiyo kasoro ninayokuruhusu uicheke.

Likikupendeza, mpeleke fundi wako wewe, si rafiki ya dalali, au ulipie ukaguzi wa chama cha wenye magari, AA, ambacho kimekuwapo nchini tangu 1919. Fundi na achomeke kompyuta ya kupima hitilafu. Ada hiyo ni ndogo mno ukiilinganisha na gia moja.

Sasa tumefika pale alipoanguka jirani yangu: karatasi. Nambari ya chesisi na ya injini zilingane na zilizo katika kitabu cha umiliki. Tafuta rekodi za gari katika NTSA kupitia eCitizen, uone jina la mwenyewe na kama kuna benki au mkopeshaji aliyeandikwa pamoja naye. Usiishie hapo. Tangu sheria ya mwaka wa 2017 kuhusu dhamana za mali inayohamishika, kuna sajili ya serikali ambamo wakopeshaji huandikisha mali walizowekewa dhamana. Nayo ipekue. Jina likiwa tofauti na la anayekuuzia, usikubali hadithi ya ndugu aliye ng'ambo. Andikeni mkataba mbele ya wakili, lipa kupitia benki, na mwenyewe aanzishe uhamisho wa umiliki katika akaunti yake ukiwa umekaa karibu naye, nawe uukubali katika yako. Karatasi zilizotiwa sahihi bila uhamisho ni ahadi tu, na ahadi haiendeshwi.

Mwisho, usimalize pesa zote kwa kununua. Nakushauri ubakishe angalau sehemu moja katika kumi ya bei kwa ajili ya bima, oili, mafuta ya gia, breki na betri. Gari lililokuacha bila pesa ya breki halijakufaa wewe wala watoto walioketi nyuma.

Na kama hesabu haikubali mwaka huu, mpenzi msomaji, hakuna aibu. Kifungua mimba wa jirani yangu aliingia chuo mwaka mmoja baada ya wenzake, kwa sababu ya gari ambalo nyumba ile ililiendesha miezi minne tu. Siku hizi baba yake hupanda matatu pamoja nami kituoni, na kila akisikia mtu akisema amepata gari kwa bei nzuri kupita kiasi, humuuliza swali moja: "Umeona rekodi?" Uwe wa kwanza kujiuliza swali hilo. Rangi waachie watoto.