Risala ya Maafisa Ustawi wa Jamii kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Ustawi wa Jamii Duniani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Jumanne hii ya tatu ya Machi tumezoea maandamano, fulana na pongezi. Safari hii tumekubaliana kukueleza yanayotuumiza, kwa sababu wenzetu wanaacha kazi, na baadhi ya waliobaki wamechoka hadi hawasikii tena wanachoambiwa.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatutaka tuchunguze mazingira ya mtoto, tuiandikie mahakama taarifa na tumfuatilie hadi awe salama. Siku yenyewe huenda hivi. Asubuhi bencheni yupo mama anayedai matunzo, baba aliyekuja kulipa na kusaini daftari huku akitutukana, na mzee anayeomba msamaha wa matibabu. Mara anaingia askari wa Dawati la Jinsia na Watoto amemshika mkono binti wa miaka tisa, na fomu ya polisi ya PF3. Chumba ni kimoja. Tunawaomba wengine watoke, tunaegemeza kiti kwenye mlango usio na kitasa, mtoto anaanza kusimulia. Tunaandika, tunampeleka hospitali, na jioni ikitukuta bila nyumba salama wala familia ya kuaminika iliyo karibu, analala kwa mmoja wetu. Kesho yake benchi limejaa tena. Aliyesikiliza simulizi ile haulizwi na yeyote kama alipata usingizi.

Maporomoko ya tope yalipoikumba Katesh, wilayani Hanang, Desemba 2023, watu wa fani yetu walikuwa miongoni mwa waliopelekwa kukaa na waliofiwa. Nchi inajua basi kwamba maumivu ya moyo yanahitaji mtaalamu. Tunaomba ijue hivyo hivyo kuhusu mtaalamu mwenyewe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kilio chetu kikubwa ni usimamizi wa kitaalamu. Msimamizi tuliye naye huuliza tumeshughulikia mashauri mangapi. Haulizi ni lipi limetukaba. Tunaomba kila afisa apangiwe mwandamizi wa fani yake, wakae saa moja kila baada ya wiki mbili, wapitie mashauri mazito na hali ya afisa mwenyewe. Yatakayosemwa humo yasiingie kabisa kwenye tathmini ya utendaji. Hilo tunalisisitiza: anayehofia kwamba machozi yake yatawekwa kwenye jalada atanyamaza, na atavunjika kimya kimya. Awepo pia mshauri nasaha wa nje ya halmashauri, ambaye afisa atamwendea bila kuomba ruhusa kwa mkuu wake.

Kuhusu mafunzo, tunayopata huja na miradi. Mradi ukileta fomu mpya, tunaitwa hotelini siku mbili tatu kujifunza kuijaza. Ukiisha, fomu zinabaki kabatini. Lakini namna ya kumhoji mtoto mdogo bila kumtonesha, ya kuzungumza na mtu anayetaka kujiua, au ya kushughulikia picha za watoto zinazosambazwa mtandaoni, wengi wetu tunajifunzia kwa wateja wenyewe, na wao ndio wanaolipia makosa yetu. Wauguzi na madaktari wana mafunzo endelevu yanayohesabiwa wanapohuisha leseni. Nasi tunataka utaratibu wa uzito huo huo. Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, ina walimu. Waletwe kanda kwa kanda, ili afisa wa pembezoni asikose kozi kwa kukosa nauli.

Usalama nao umesahaulika. Tunakwenda kumwondoa mtoto nyumbani kwa mtuhumiwa kwa bodaboda tuliyoilipia wenyewe. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 itekelezwe kwetu pia, na vitisho tunavyopokea vihesabiwe kuwa hatari ya kazi.

Kuhusu chumba kile kimoja, tunajua vyumba vya faragha vinahitaji fedha, na kwa hilo tuko tayari kuelewana. Usimamizi wa kitaalamu hauhitaji tofali hata moja. Unahitaji waraka na ratiba. Kwa hiyo tunaomba jibu la maandishi kuhusu usimamizi huo kabla ya mwaka mpya wa fedha kuanza Julai.