MTOTO HATAKI KULA? MTAZAME TUMBO KABLA HUJAMNYANG'ANYA CHAPATI

Huku Lushoto ni poa, ila baridi ndiyo ile ile, asubuhi ukipumua unatoa moshi kama basi la Mombo likipanda kona za Soni. Ninyi wa Dar endeleeni kutoka jasho. Leo naomba tuyaweke pembeni mambo yetu ya mapenzi na mitindo, tuzungumze jambo linaloleta kasheshe kwenye nyumba nyingi lakini watu wanalisema kwa kunong'ona: chakula cha mtoto mwenye usonji.

Usonji, wengine wanauita otizimu, ni hali anayozaliwa nayo mtoto. Ubongo wake unapokea mambo kivyake: maongezi, watu, kelele, mwanga, na ndiyo, hata chakula. Siyo laana, hajarogwa, wala siyo kwamba mama yake kamdekeza. Na hili la chakula siyo jipya. Daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, alipoandika habari za watoto 11 mwaka 1943, alieleza kwamba baadhi yao walisumbua sana kula tangu wakiwa wachanga.

Mimi nakaa na dada yangu hapa mjini, na mwanawe wa miaka sita ana usonji. Menyu ya bwana mdogo naijua kwa kichwa: wali mweupe, chapati isiyo na doa jeusi hata moja, chipsi, ndizi mbivu, na maziwa. Basi! Maharage yakigusa wali tu, sahani inaruka. Hapa ndipo utacheka huku umeudhika, maana sisi tunaishi ghalani. Magari yanashuka milima ya Usambara kila siku yamejaa kabichi, karoti, hoho, plamsi na mapichi kwenda Tanga na Dar, halafu mtu wa Lushoto mwenyewe karoti hataki hata kuiona mezani.

Majirani dawa yao wanayo. "Mwacheni na njaa siku mbili, atakula hata mawe." Kwa mtoto mwingine labda. Kwa huyu maharage laini mdomoni ni sawa na wewe mtu akuwekee jongoo kwenye ulimi. Wapo watoto wa aina hii ambao njaa haiwashindi, wataendelea kukataa mpaka wadhoofike. Huko Ulaya na Marekani, kwenye vyakula tele, madaktari wameshakuta watoto wenye usonji wana kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C waliokuwa wakiupata mabaharia wa zamani, kwa sababu tu mtoto hali tunda wala mboga. Sasa wewe mwache na njaa, uone.

Halafu ikaingia simu ya shangazi kutoka Dar. Kasikia mahali kwamba ukimwondolea mtoto ngano na maziwa, anaanza kuongea. Dada yangu hakulala usiku ule. Mzazi ambaye mtoto wake hajawahi kumwita "mama" ukimwambia maneno kama hayo, hata ukimtuma akachote maji baharini atakwenda.

Wazo lenyewe lina historia. Mwaka 1979 mtafiti Jaak Panksepp wa Marekani alisema huenda usonji unahusiana na kuzidi kwa kemikali fulani za ubongo zinazofanya kazi kama kasumba. Wengine wakaongeza yao: eti kemikali hizo zinatoka kwenye protini ya ngano, gluteni, na ile ya maziwa, kaseini, zikipita tumboni bila kusagwa sawasawa. Maneno matamu, yakaenea dunia nzima. Kimbembe kikaja kwenye kuyathibitisha. Chuo Kikuu cha Rochester huko Marekani waliwachukua watoto 14 wenye usonji, wakawaweka kwenye mlo usio na ngano wala maziwa, kisha kila wiki wakawapa vitafunwa vilivyofichwa: vingine vina gluteni, vingine kaseini, vingine vyote viwili, vingine havina kitu. Wazazi hawakujua kipi ni kipi, hata waliokuwa wakiwaangalia watoto hawakujua. Matokeo yakachapishwa 2016: tabia haikubadilika, usingizi haukubadilika, choo vilevile. Watoto 14 ni wachache, sikatai. Lakini Uingereza nako, mwongozo wa taifa wa matibabu wa mwaka 2013 uliwaambia wahudumu wasitumie milo ya namna hiyo kutibu dalili za usonji.

Sasa piga hesabu. Mtoto ana vyakula vitano. Toa chapati, toa maziwa. Unabaki na wali, chipsi na ndizi. Umemponya nini hapo?

Na kama daktari kweli amesema ngano haimfai, usikimbilie supamaketi kununua unga wa nje wenye bei ya kuua. Mahindi, mchele, mtama, ulezi, muhogo, viazi, ndizi, vyote hivyo havina gluteni. Bibi zetu wa Kisambaa wangekucheka.

Ila msinielewe vibaya, sijasema tumbo halina neno. Tumbo ndilo lenyewe! Mtoto asiyeongea hawezi kukwambia "mama, hapa panauma". Atajipiga kichwa, ataamka saa nane za usiku analia, atalalia mkono wa kochi akiukandamiza tumboni, na watu wazima watasema ndiyo usonji huo, umezidi. Wetu alifanya yote matatu. Zahanati ya kwanza walimwangalia juu juu, wakasema watoto wa hivi ndivyo walivyo, kwaheri.

Dada ni mbishi. Akanunua daftari la shule, akawa anaandika kila siku: kala nini, saa ngapi, kalala vipi, kaenda choo lini na kilikuwaje. Ndiyo, na hicho kiandikwe, acheni aibu. Baada ya wiki mbili daftari likasema lenyewe. Maziwa vikombe sita kwa siku, maji karibu hakuna, choo mara moja kwa siku nne, kigumu kama jiwe. Na zile usiku za kujipiga kichwa zilikuwa hasa siku ya tatu na ya nne. Tukalipeleka kwa daktari mwingine, huyu akasoma. Akampa dawa ya kulainisha choo, akasema maziwa yashuke taratibu hadi vikombe viwili, maji yapande. Ndani ya mwezi nyumba nzima ikawa inalala. Hakuanza kuongea, nawaambia wazi. Lakini hajipigi tena kama zamani, na chapati yake anakula mpaka leo.

Wa kwako anaweza kuwa na jingine. Kuna wanaojaa gesi na kuharisha kwa sababu ya sukari ya maziwa, hao mara nyingi mtindi unawakalia vizuri zaidi. Kuna wenye mzio hasa: midomo inavimba, ngozi inatoka vipele, anatapika au pumzi inabana. Hapo hakuna daftari, ni hospitali mbio. Na huu uji wa lishe tunaousifu, ngano humo, karanga humo, soya humo. Akidhurika utajuaje ni kipi? Pika wa unga mmoja kwanza. Ukitaka kujaribu kuondoa chakula, ondoa kimoja, daktari akijua, halafu kirudishe uone, isipokuwa kama kilishawahi kumletea mzio; hicho usikirudishe nyumbani. Ngano usiiondoe kabla ya kipimo, maana kile kipimo cha damu cha ugonjwa wa gluteni kinataka mtu awe bado anaila.

Na jamani, msifiche karoti ndani ya chapati. Akigundua, na atagundua, ataikataa na chapati yenyewe, mmebaki na vinne.

Walimu nao wapewe habari. Huku tuna bahati ya shule ya Rainbow pale Irente, ya Kanisa la Kilutheri, inayopokea watoto wenye ulemavu wa akili na wenye usonji. Dar kuna kitengo chao Msimbazi Mseto. Popote mtoto anaposoma, alichokula mchana kiingie kwenye daftari la nyumbani.

Dada siku hizi anaweka kipande kimoja cha karoti kwenye kisahani cha pembeni, halafu anajifanya hana habari nacho. Miezi miwili hakuna kitu. Jumapili iliyopita bwana mdogo kakishika, kakinusa, karudisha. Limeandikwa.

Wiki ijayo narudi kwenye barua zenu za mapenzi, maana zimejaa mezani.