Kisima Hupimwa Hata Pampu Ikizimwa

Toleo hili ni la visima virefu vya miteremko ya Kilimanjaro na tambarare ya Kahe, na msimamo wangu nauweka wazi: kupima kisima kwa saa chache, kisha kuandika namba moja ya lita kwa saa, kunatupotezea maji na fedha za wananchi.

Mlima wetu ni lava yenye nyufa. Pampu ikiwashwa, maji ya kwanza hutoka kwenye nyufa. Zikipungukiwa, mwamba huzijaza polepole na kina cha maji hutulia. Hapo ndipo mkandarasi husaini fomu. Angeendelea, angeona maji yakishuka tena, kwa kuwa sasa nyufa na mwamba vinapungua pamoja. Mtafiti Barenblatt na wenzake walieleza tabia hiyo mwaka 1960. Warren na Root wakaiendeleza mwaka 1963 kwa ajili ya mafuta.

Wahandisi wa gesi kwenye mwamba wa Barnett, Texas, wanakumbana na tabia inayokaribiana na hiyo kila siku. Kisima cha mlalo kilichopasuliwa kwa shinikizo la maji hupokea gesi kupitia kuta za mpasuko kwa miezi, hata miaka. Katika hatua hiyo, kiwango cha kutoa kikibaki kilekile, muda ukiwa mara 4, mshuko wa shinikizo huwa mara 2. Nyufa zetu ni za asili, lakini hesabu inafanana: kina kikishuka mita 2 baada ya saa 1, mita 4 baada ya saa 4, na mita 8 baada ya saa 16, bado tunaupima ufa. Hatujaupima mwamba.

Kwa hiyo nadai mambo mawili. Kisima cha kuhudumia mji kipimwe saa 72. Pampu ikizimwa, kina kiendelee kuandikwa hadi maji yarudi, kwa njia aliyoionyesha mtaalamu Horner mwaka 1951, maana wakati huo hakuna pampu ya kuyumbisha vipimo. Maji yasiporudi mahali pake, akiba ni ndogo. Bodi ya Maji Bonde la Pangani, yenye makao hapa Moshi, ndiyo inayotoa vibali vya kutumia maji chini ya sheria ya mwaka 2009. Isitoe kibali bila kumbukumbu hizo.

Katika toleo hili, makala ya floraidi isomwe na kila diwani wa Hai na Siha, akikumbuka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita cha Shirika la Afya Duniani. Ya mifongo, yaani mifereji ya maji ya kienyeji, ni fupi na inajitosheleza.

Mwenye daftari la vipimo vya kisima chochote, hata cha zamani, atuletee. Tutalichapisha.