Ni Nani Mwenye Anwani Hii?

Mtu akitaka kumpelekea rafiki yake barua katika miji yetu mingi, huandika jina, nambari ya sanduku la posta na jina la mji, na barua hufika. Lakini mtu huyo huyo akitaka kwenda kumjulia hali rafiki yake nyumbani, nambari ya sanduku haimfai kitu. Hapana budi ashuke mtaani na kuuliza: "Jamani, nyumba ya Bwana Fulani ni ipi?" Atakayejibu ndiye atakayemwonyesha njia. Mitandao ya kompyuta, pamoja na sifa zake zote, hufanya vivyo hivyo mara nyingi kila siku, wala haina desturi ya kumtaka anayejibu athibitishe kwamba asemayo ni kweli. Makusudi ya makala haya ni kueleza utaratibu huo, na kisha kutoa hoja kwamba sisi tunaoitumia mitandao hii katika ofisi, hospitali na vyuo tumeirithi imani hiyo pasipo kuichunguza.

Kila kompyuta iliyounganishwa katika mtandao wa kawaida wa ofisi ina anwani mbili. Ya kwanza ni anwani ya chombo chenyewe. Hii ina urefu wa biti 48, na kwa kawaida mtengenezaji huitia katika kadi ya mtandao kiwandani. Nusu yake ya kwanza humtambulisha mtengenezaji huyo, na nusu ya pili hukitofautisha chombo kimoja na kingine. Anwani ya pili ni ile ya intaneti. Katika toleo la nne la itifaki ya intaneti, ambalo lingali likitumika kwa wingi, anwani hii ina biti 32 na huandikwa kwa mafungu manne ya tarakimu, kwa mfano 192.168.1.20. Anwani hii haikuzaliwa na chombo. Hutolewa na mtandao ambamo chombo kimeingia, na chombo kikihamia mtandao mwingine hupewa nyingine. Ya kwanza, basi, ni mithili ya alama ya kuzaliwa. Ya pili ni mithili ya nambari ya sanduku la posta.

Shida iko hapa: programu zetu huzungumza kwa anwani ya intaneti, ilhali kadi na swichi zinazobeba ujumbe ndani ya jengo hutazama anwani ya chombo. Ni nani basi wa kufasiri?

Jibu lilitolewa mwezi Novemba, 1982, na David C. Plummer wa chuo cha teknolojia cha Massachusetts, Marekani, katika waraka nambari 826 wa mfululizo wa nyaraka ambazo wajenzi wa intaneti huandikiana. Wakati huo itifaki ya intaneti ya biti 32 ilikuwa imekwisha kutangazwa, mwezi Septemba, 1981, na mtandao wa Ethernet, uliobuniwa katika maabara ya Xerox huko California kuanzia mwaka 1973, ulikuwa ukienea. Kazi ya Plummer ilikuwa kuviunganisha viwili hivyo, na njia aliyoichagua ni nyepesi mno.

Tuseme kompyuta yenye anwani 192.168.1.20 inataka kupeleka hati kwa mashine ya kuchapia yenye anwani 192.168.1.50. Kwanza hutazama katika daftari dogo lililomo ndani ya kumbukumbu yake. Isipokuta jina la mashine hiyo, hupiga mbiu: hutuma ujumbe mfupi wa baiti 28 kwa vyombo vyote vya mtandao ule, ikisema, "Ni nani mwenye anwani 192.168.1.50? Mimi ni 192.168.1.20, na anwani ya chombo changu ni hii." Wote husikia. Wasiohusika hunyamaza, mwenyewe humjibu muulizaji peke yake, akimtajia anwani ya chombo chake. Muulizaji huandika jibu katika daftari, na hati huondoka. Baada ya muda maandishi hayo hufutwa ili vyombo vilivyoondoka visiendelee kukumbukwa. Muda wenyewe Plummer aliwaachia watengenezaji waupange.

Na ikiwa anayetafutwa yuko ng'ambo, katika mtandao mwingine? Kompyuta haipigi mbiu ya kumtafuta yeye, kwa sababu mbiu haivuki mpaka wa mtandao wa ndani. Hutafuta anwani ya chombo cha ruta, yaani kile kifaa kilicho mlangoni, na kukikabidhi ujumbe. Kwa hiyo kila barua, kila malipo na kila taarifa inayotoka ofisini hutegemea jibu la swali moja: ruta ni nani?

Sasa na tutazame imani iliyomo. Katika utaratibu huu hakuna sahihi, hakuna neno la siri, wala hakuna shahidi. Chombo kinachosema "anwani hiyo ni yangu" husadikiwa. Zaidi ya hayo, waraka wa mwaka 1982 waelekeza kwamba chombo kikipata ujumbe kutoka kwa mwenzake ambaye tayari yumo katika daftari, kilisahihishe daftari kwa habari mpya kabla hata ya kutazama kama ujumbe huo ni swali au jibu. Kwa hiyo hata asiyeulizwa aweza kusema, na maneno yake yakaandikwa.

Nilipata kuliona jambo hili kwa macho yangu. Miaka kadhaa iliyopita niliombwa na ofisi moja niitazame mitandao yao. Kwa siku tatu watumishi walikuwa wakilalamika kwamba mawasiliano yapo asubuhi, hayapo saa nne, yapo tena, hayapo tena. Nyaya zilikwisha kubadilishwa, na kampuni ya simu imekwisha kushutumiwa. Nilipofungua daftari la kompyuta moja na kulilinganisha na kibandiko cha ruta, anwani za chombo hazikulingana. Mashine mpya ya kuchapia ilikuwa imewekwa kwa mkono, na aliyeiweka alikuwa ameipa, kwa bahati mbaya, anwani ya intaneti ya ruta. Kila mbiu ilipopigwa, wawili walijibu, na aliyesikiwa mwisho ndiye aliyeaminiwa. Barua za ofisi nzima zilikuwa zikipelekwa kwa mashine isiyojua la kufanya nazo.

Hapo hapakuwa na mwovu. Palikuwa na kosa la tarakimu moja. Lakini lililotendwa na mashine pasipo kukusudia laweza kutendwa na mtu kwa kukusudia. Mgeni aliyepewa ruhusa ya kutumia mtandao wa ofisi aweza kujitangaza kuwa yeye ndiye ruta, akapokea mawasiliano ya wengine, akayatazama, kisha akayapeleka yaendako ili asishukiwe. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Ukuta wa ulinzi tunaoununua kwa fedha nyingi husimama mlangoni ukimtazama adui wa nje, ilhali hila hii hufanywa ndani ya nyumba.

Simlaumu Plummer. Mwaka 1982 mitandao ilikuwa katika maabara chache, watumiaji walifahamiana, na wepesi wa utaratibu wake ndio ulioufanya udumu zaidi ya miaka arobaini. Ninachokilaumu ni uzembe wetu wa kudhani kwamba desturi ya jirani wanaojuana yafaa vile vile katika jengo ambamo mhasibu, mwanafunzi, mgonjwa na mpita njia wote wameunganishwa katika mtandao mmoja.

Kuna watakaosema kwamba hofu hii imepitwa na wakati, kwa kuwa siku hizi mawasiliano mengi husimbwa, na tovuti huonyesha cheti cha utambulisho. Ni kweli, na ni faida kubwa: anayeyanasa mawasiliano yaliyosimbwa vizuri hawezi kuyasoma. Lakini bado aweza kuyakata, na mifumo ya ndani ambayo haikusimbwa hubaki wazi kwake. Wengine watasema tungoje toleo la sita la itifaki, lenye anwani za biti 128, ambalo halitumii utaratibu wa Plummer. Hilo nalo si jibu kamili. Toleo hilo lina utaratibu wake wa kuwatambua majirani, nao pia katika hali yake ya kawaida humwamini anayejibu. Njia ya kuutilia sahihi ilitangazwa mwaka 2005, lakini haikuenea. Kubadili jina la mtaa hakuwabadili wakazi wake.

Yapasa kufanywa nini, basi? La kwanza ni kuigawa mitandao. Madhali mbiu haivuki mpaka, kompyuta za uhasibu zikiwekwa katika mtandao wao na za wageni katika wao, mgeni hawezi kujitangaza mbele ya mhasibu. La pili ni kuzitumia swichi zenye uwezo wa kukagua majibu. Swichi za namna hiyo hukumbuka ni anwani ipi iliyogawiwa chombo kipi, na hulitupa jibu lisilolingana na kumbukumbu hiyo. Taasisi nyingine tayari zinazo, ila uwezo huo haujawashwa kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba upo. La tatu ni kusimba mawasiliano ya mifumo yote, hata ile isiyotoka nje ya jengo.

La nne ndilo ninaloliona kuwa zito kuliko yote, nalo ni la elimu. Tunawafundisha vijana wetu kubonyeza, kusakinisha na kuunganisha, nao hufuzu wakiwa hodari wa kutumia vyombo ambavyo hawajui vinaulizana nini. Ofisi niliyoitembelea haikukosa mtumishi mwenye cheti. Ilikosa mtu ambaye angefikiri kulifungua daftari lile, kazi ya amri moja fupi na dakika moja. Utaratibu mzima waweza kuelezwa kwa Kiswahili ubaoni katika kipindi kimoja, kwa mfano wa mgeni aulizaye nyumba mtaani, na mwanafunzi akatoka akijua mbiu hupigwaje na hudanganywaje.

Kumuuliza jirani njia si aibu, na mtandao usioulizana haupo. Lakini mwenye nyumba mwangalifu akiletewa mgeni usiku anayesema "mimi ni ndugu yako," humkaribisha kwa adabu, kisha huwasha taa amtazame uso. Taa hiyo katika mitandao yetu ipo tayari, imebaki kuwashwa.